Mashine ya Betri na Ufagio wa Mama

Kirumba, Mwanza
8 Machi 1998

Dada Adventina,

Shikamoo. Nimeanza na wewe kabla ya shemeji Deodatus kwa sababu najua barua ikifika utaisoma wewe kwanza, kisha utamsimulia unavyotaka. Mwambie namsalimu. Wasalimie na watoto, hasa yule anayeniita mjomba wa Mwanza kana kwamba anao wajomba wengine. Mimi mzima. Malaria ilinipitia mwezi wa kwanza, ikaona nimekonda vya kutosha, ikaondoka.

Kazini kuna mapya. Ile nyumba ya wageni imeuzwa. Ilipokuwa ya shirika, ukuta ukibomoka tulikuwa tunaandikia makao makuu na kusubiri. Sasa ni ya Bwana Luhende, mfanyabiashara wa minofu ya sangara, na ukuta ukibomoka unajengwa kesho yake huku sisi tukigombezwa. Ameleta kontena zima la vitu vya Ulaya: majokofu, vitanda, na mashine ya kupuliza majani. Usicheke. Unaivaa mgongoni kama mtoto, unavuta kamba, inanguruma, na bomba lake linatoa upepo wa kumvua mtu kofia. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili. Uwanja wetu wote ni miarobaini, unajua jinsi inavyopukutisha. Zamani nilifagia hadi jua kali. Siku hizi nayasukuma majani mpaka ukutani, nayainua juu ya ukuta, nayapeleka ziwani upande wa pili, basi. Ufagio nimeutundika stoo. Wananiita Fundi Upepo.

Sasa hilo jambo lenyewe. Dereva wa basi la Bukoba ameniambia mmezika shina la mgomba kibanjani na kuliita Mama. Nimesikia kwa dereva, dada, mbele ya abiria. Boti la ndizi lilipinduka, ni kweli, na alikuwamo akija kwangu, ni kweli. Lakini wenzake walipatikana, yeye hajapatikana. Ziwa hili lina visiwa na visiwa vina watu. Msinihesabu kwenye kumaliza tanga. Sitakuja kutupa udongo juu ya mgomba.

Ndugu yako,
Longino

*

Muleba
2 Aprili 1998

Longino,

Marahaba. Sisi wazima, ila ng'ombe amezaa ndama dume na Deodatus anatembea kama aliyemzaa yeye. Kahawa mwaka huu ni ya kuokota. Mvua iliangusha maua yote. Baba mdogo Revocatus anaumwa mgongo na bado anapanda mwenyewe juu ya paa, haambiliki.

Umekasirika kwa sababu ya dereva. Barua yangu niliipeleka posta kabla ya mazishi. Kama imelala njiani si mimi niliyeilaza. Unajua desturi yetu. Mtu akichukuliwa na maji, anazikwa mgomba uliovishwa nguo yake, ili apate mahali pa kurudi. Ungetaka tumwache azunguke? Wazee walingoja vya kutosha. Ulipaswa kutupa udongo wa kwanza, wewe mrithi. Nimeutupa mimi kwa niaba yako, na watu wamenitazama vibaya mpaka leo.

Nina ombi. Alipokuja kwako mwaka juzi Mama aliacha kanga yake, ile ya zambarau yenye korosho. Nitumie kwa huyo huyo dereva. Usiniulize ya nini, ninaihitaji.

Na hiyo mashine yako. Mama alikuwa hatupi jani. Kila jani la uwanjani alilikusanya akalitandaza kwenye migomba, ukipita na jani mkononi anakuuliza unampelekea nani. Leo mwanawe anayamwaga majani ziwani kwa petroli. Angekuchapa.

Umesema uwanja wenu ni miarobaini. Ni miarobaini tu? Hakuna mti mwingine?

Dada yako,
Adventina

*

Kirumba, Mwanza
17 Mei 1998

Dada,

Shikamoo, na hongera kwa ndama. Baba mdogo mwambie paa lina wenyewe, ni fundi wa mabati.

Ndiyo, ni miarobaini tu. Swali gani hilo?

Wageni wamelalamika. Sasa tuna wanunuzi wa samaki wanaofika na ndege ya usiku na kulala mpaka saa nne, na mashine ya petroli inawaamsha kama matarumbeta. Bwana Luhende ameagiza nyingine, ya betri. Amenipa kazi ya kuzipima zote mbili, kwa sababu anajenga nyumba ya pili Kiseke na anataka kujua aagize ipi. Kwa hiyo sasa mimi ni mtaalamu, naombwa maoni.

Maoni yangu ni haya. Ya petroli ina nguvu za kweli. Majani mabichi, yaliyolowa, yaliyogandamana, yote yanaruka. Ila inatetemesha mpaka vidole vinakufa ganzi, unanuka kama gari bovu, na unapoivaa husikii chochote. Wakikuita husikii. Ya betri ni nyepesi, unaishika kwa mkono mmoja, haina moshi, inavuma kidogo tu kama mtu anayepoza uji. Lakini ni dhaifu. Majani inayafikisha ukutani, kuyainua haiwezi, kwa hiyo yanabaki pale kwenye kona nami nayaacha. Betri inakwisha upesi, na kuichaji unategemea umeme, na mgao wa umeme unaujua.

Jambo moja la kuchekesha. Kwa sababu ya ule ukimya, nasikia mtu akifagia nyuma yangu. Mchana kweupe, mara nyingi saa sita, wageni wametoka na Kija, mpishi wetu, yuko jikoni. Ufagio unaburuza, unaburuza, halafu kitako chake kinagongwa chini, kisha unaendelea. Nikigeuka hakuna mtu. Nikizima mashine, unaendelea kidogo, halafu unanyamaza, kama mtu aliyegundua anasikilizwa. Labda ni mwangwi wa ukuta. Kija anasema ni masikio yangu, yameharibiwa na petroli.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akigonga ufagio? Alikuwa anaugonga kwenye jiwe au kwenye ardhi? Nimesahau, nataka kukumbuka tu.

Longino

*

Muleba
9 Juni 1998

Longino,

Marahaba. Watoto wazima. Mimi sijambo kidogo.

Alikuwa anaugonga kwenye ardhi. Anaburuza mara mbili, anagonga ili vijiti vilingane, anaendelea. Hukusahau. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeamka bila sauti hiyo, wewe ulikuwa ukiisikia unajifunika blanketi ili asikutume maji.

Sikutaka kukuandikia hili, lakini sasa naona nikuandikie. Kuanzia mwezi wa pili nilikuwa nakuta majani juu ya kaburi. Si ya migomba. Madogo, yenye meno pembeni, yamelowa, yametandazwa vizuri kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anavyotandaza mtu anayejua kazi. Hapa kijijini hakuna mti huo. Nilitafuna moja, chungu mpaka kooni. Nikampelekea Baba mdogo, akanusa akasema mwarobaini, akaniuliza nimeutoa wapi. Nikamwambia zahanati. Mvua haikuwa imenyesha, Longino, na majani yalikuwa yananuka ziwa.

Mwanzo niliogopa, baadaye nikazoea. Nilisema moyoni, Mama anafanya kazi yake. Anakusanya unachotupa.

Mwanzoni mwa Mei yakakoma. Hata moja. Kaburi likawa kavu, na udongo ukaanza kupasuka.

Niambie ulianza lini kutumia hiyo ya betri. Tena usiniambie, najua. Majani hayafiki tena ziwani, kwa hiyo amekuja kuyafuata huko yalipo. Nisikilize. Irudie mashine ya petroli. Wageni wakilalamika, walalamike. Ivae, nguruma, usisikie kitu, majani yaende ziwani kama zamani. Na hiyo kanga nitumie. Mara ya pili nakuomba. Nimeshamwomba padre misa, lakini misa haitoshi bila kanga.

Adventina

*

Kirumba, Mwanza
20 Julai 1998

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, nyingine nimeisomea uwanjani.

Sikuirudia ya petroli. Nitakwambia ukweli maana wewe ni dada yangu: sitaki. Tangu boti lile, hii ndiyo sauti ya kwanza ya Mama niliyoisikia, na unaniambia nivae mashine nisiisikie? Bwana Luhende ananiuliza ipi bora, nimemwambia ya betri, hata kama inakwisha upesi. Ameandika. Kiseke wataletewa za betri.

Si masikio yangu tena. Juzi mgeni mmoja wa chumba cha mwisho alimwambia Kija tumwambie yule mama apumzike, jua ni kali mno kwa mtu mzima kama yule. Kija akamuuliza mama yupi. Akamwonyesha kwa dirisha, nami nilikuwa pale peke yangu na mashine yangu. Tangu siku hiyo Kija hatoki jikoni mchana. Kila akiniona anajifuta mikono kwenye aproni ingawa ni mikavu.

Sasa hafagii nyuma yangu. Anafagia mbele. Nikifika ukutani yeye yuko upande wa pili, kwenye mchanga. Kuna kijilango pale cha kuteremkia maji. Nilikuwa nakifungua na kusimama kizingitini kusikiliza. Baadaye nikawa nateremka. Unaona mistari ya ufagio kwenye mchanga, safi kabisa, imekwenda mpaka kwenye maji na ndani ya maji pia, pale kwenye kina kidogo, mchanga wa chini umefagiwa. Jumamosi nilikuja kushtuka maji yako magotini na mashine iko mkononi imezima, betri imekwisha siku nyingi, na mimi bado naisogeza kulia na kushoto. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Sikuogopa hata kidogo, dada. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, nilipokuwa nakunywa chai.

Kanga usiiombe tena. Naitandika kwenye mto. Nikikupa utaifukia, na mtu akifukiwa na nguo yake amekwisha kufa.

Longino

*

Muleba
1 Agosti 1998

Longino,

Hakuna salamu leo. Barua hii anakuja nayo dereva mwenyewe, nimemwambia akusimamie unapoisoma.

Kuna jambo nilikuficha, nikamficha na Deodatus. Siku za mwanzo za msiba, kwa haraka zangu, niligawa nguo zote za Mama kwa wajane wa kigango. Zile nzuri alikuwa amekwenda nazo kwenye boti. Wazee walipokuja kusema mgomba uvikwe nguo yake, nyumbani hamkuwa na hata kitambaa. Kumwambia Baba mdogo kwamba nimegawa kabla ya mazishi sikuweza, wangesema nilikuwa nasubiri afe. Nikaingia chumbani kwake. Juu ya kitanda kulikuwa na sweta lako la shule, lile la kijani. Alikuwa analilalia tangu uende Mwanza, lilikuwa na harufu ya kichwa chake. Nikasema, lina harufu yake, ni lake. Nikalivisha mgomba nikafunika na shuka, hakuna aliyeona.

Jina lako limo ndani ya kola, Longino. Mama mwenyewe alilishona kwa uzi mwekundu ulipokwenda kidato cha kwanza, ili wasikuibie. Nimelizika jina lako. Kwenye kaburi la mtu aliyechukuliwa na ziwa nimeweka jina lako, na udongo wa kwanza nimetupa mimi kwa niaba yako.

Ndiyo maana nilitaka kanga. Nilitaka kulifungua kaburi kimyakimya nibadilishe nguo, usijue kamwe. Niliona haya, basi. Niliona haya, na haya hiyo ndiyo inayokuingiza majini mpaka magotini.

Mpe dereva kanga. Mpe sasa hivi, kabla hajakaa. Na hicho kijilango kipigilie misumari.

Mimi dada yako ninayekuomba kwa magoti,
Adventina

*

Kirumba
3 Agosti 1998

Dada,

Shikamoo. Dereva yuko hapa mlangoni, amekataa hata kukaa.

Leo mchana maji yalifika kifuani. Kija ndiye aliyenitoa, ameingia na aproni yake, na hajui kuogelea.

Kanga hii hapa. Sikuifua. Usiifue.

L.

*

Muleba
10 Agosti 1998

Longino mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea kwenye kile kikaratasi, marahaba mara nyingi. Sikuandika mapema, nilitaka kwanza nimalize ya kaburi.

Kanga ilifika. Nikamweleza Deodatus yote. Hakunigombeza, alikwenda kuchukua jembe. Kisha nikaenda kwa Baba mdogo Revocatus nikamweleza na yeye, nimepiga magoti uani kwake watu wakipita. Akasema tufungue jua likiwa juu, mbele ya wazee, tusifanye kama wezi. Tumefungua jana baada ya misa.

Udongo wa juu ulikuwa mkavu kama unga. Chini ulikuwa tope. Shina la mgomba lilikuwa limeoza nusu, na halikuwa na sweta. Deodatus akachimba kidogo pembeni, akalikuta. Lilikuwa limekunjwa. Mikono imeingizwa ndani, kola juu, kama Mama alivyokuwa anakukunjia nguo za sanduku. Limelowa, linatiririka, na lilipofunguliwa yakaanguka majani ya mwarobaini, mabichi, wakati ninyi huko hamjatupa jani ziwani tangu Mei.

Nikatazama kola. Ule uzi mwekundu ulikuwa umefumuliwa, Longino. Haukuoza, nimeshona maisha yangu yote, najua uzi uliooza na uzi uliofumuliwa na sindano. Matundu yake yanaonekana. Alikuwa amefika mbali. Zilikuwa zimebaki herufi mbili za mwisho.

Nimelia sana. Muda wote huu nilisema anakuita. Sasa sijui. Labda alikuwa anakuja huko kutafuta nguo yake ili akuachie yako. Labda alikuwa na haraka kwa sababu mimi nilikuwa naona haya. Sitajua, na wewe usijidai kujua.

Herufi mbili nimezifumua mimi mwenyewe, pale pale, kabla hatujafunika. Mgomba mpya umevikwa kanga ya zambarau. Baba mdogo amesema tusiujaze udongo wote. Tumeacha kidogo pembeni, tumefunika kwa majani ya migomba. Udongo ule ni wako.

Sweta linakauka kwenye kamba. Halitaki kukauka upesi.

Dada yako,
Adventina

*

Kirumba, Mwanza
22 Agosti 1998

Dada Adventina,

Shikamoo. Msalimie shemeji, mwambie jembe lake limenifanyia kazi ambayo sijui nitaishukuruje. Kija anakusalimu, hamjuani lakini anakusalimu kwa nguvu.

Barua yako niliisoma jikoni. Kisha nikatoka na mashine ya betri, imechajiwa mpaka juu, saa sita kamili jua likiwa kichwani. Nikapuliza uwanja wote, pole pole, kutoka barazani mpaka ukutani. Nikazima nikasikiliza.

Hakuna kitu. Mawimbi, na redio ya mtu huko Mwaloni. Nikawasha tena, nikazima tena. Nilisimama pale mpaka Kija akaja kunishika bega, na hapo ndipo nilipolia, dada, kwa mara ya kwanza tangu boti lile. Nililia kwa sauti, wageni wakafungua madirisha. Mama amekufa. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Mama amekufa.

Bwana Luhende amenipa ruhusa ya kuja huko. Nilimwambia pia kuhusu zile mashine, kwamba ya petroli ni nzuri kwa mtu asiyetaka kusikia na ya betri ni nzuri kwa mtu asiyejali majani yabaki wapi, achague mwenyewe. Akasema hilo si jibu la mtaalamu.

Ufagio nimeushusha kutoka stoo. Majani yote yaliyokuwa kwenye kona ya ukuta tangu Mei nimeyakusanya kwa mkono, mengine yameoza yamekuwa mboji safi, na yamejaa gunia moja la kusindilia. Nitazunguka na basi kupitia Shinyanga na Kahama ili nisivuke maji popote. Nilipolipeleka stendi kukata tiketi, utingo ameniuliza gunia lina nini, nikamwambia majani, akacheka akawaita wenzake waje wanione. Nikawaacha wacheke. Nitalipakata mpaka Muleba kama hakuna nafasi juu.

Mwambie Baba mdogo aniachie udongo wangu. Na wewe usitandaze kitu kwenye kaburi mpaka nifike, safari hii nayaleta mwenyewe.

Ndugu yako,
Longino